Bundi wa Ruring'u na Hesabu ya Itikadi

Mtu asimamaye jioni kando ya uwanja wa Ruring'u, ambamo mwezi wa Disemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau, baada ya kuhifadhiwa kwa miaka mingi na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walitokea hadharani na kusalimisha silaha zao kwa serikali mpya, hatakosa kukumbuka kwamba katika nchi ya Nyeri msitu na mji havikuwa kamwe dunia mbili zisizojuana. Hata hivyo, dhana iliyoitawala elimu ya uhifadhi kwa muda mrefu ni ile ya kutenga: baina ya 1989 na 2009 ulijengwa ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400 kuizunguka Nyandarua, nami siubezi, kwa kuwa umeyakinga mashamba na tembo na kuukinga msitu na shoka. Lakini ua haumzuii mwenye mbawa.

Ninayemkusudia ni bundi. Wakikuyu humwita ndundu, na mlio wake juu ya paa aghalabu huhesabiwa kuwa ni khabari ya mauti. Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba yeye amesalimika na jambo hili, maana Kiswahili chenyewe kina bundi aitwaye babewatoto, na jina hilo latosha kueleza jinsi wazee wetu walivyomwona.

Darcy Ogada, mwanaekolojia aliyeiwasilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, alimchunguza katika mashamba ya Kenya ya kati bundi mkubwa aitwaye bundi wa Mackinder, kwa jina la yule Mwingereza Halford Mackinder aliyefika kilele cha Batian, katika Mlima Kenya, mwaka 1899. Ndege huyu hukaa kwenye majabali ya juu mlimani, lakini pia hukaa katika magenge ya mabonde yaliyo kati ya mashamba ya wakulima wadogo, akijilisha panya na fuko, yaani wanyama wale wale ambao mkulima huwalaani kila msimu. Kinachonivutia zaidi katika kazi hiyo ni kwamba mtafiti, pamoja na kuchunguza chakula cha ndege, uzazi wake na taathira ya dawa za mashambani, aliyaingiza maarifa na itikadi za wenyeji ndani ya utafiti wenyewe, kama sehemu ya makazi ya ndege kadiri jabali na bonde vilivyo sehemu yake.

Wapo wataokataa, wakisema kwamba itikadi ni kazi ya wanaanthropolojia, na kwamba mwanaekolojia ajifunge na mayai na manyoya. Mimi naona maadamu jiwe la mtoto aliyefundishwa kuogopa laweza kumuua ndege sawasawa na ukame, basi hofu hiyo ni sababu ya kiekolojia, na anayewahesabu bundi bila ya kuihesabu hajamaliza hesabu yake. Wala itikadi zote zisitiwe kapu moja na kuitwa ujinga. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe papo hapo Nyeri, amesimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi karibu na mti huo palivyokuwa na kijito. Baadaye mugumo ulikatwa, na kijito kikakauka. Jamii moja, basi, iliulinda mti kwa itikadi na kwa itikadi ikamfukuza ndege, na ni wajibu wa mtafiti kuzipima moja moja, kwa adabu.

Huku mjini hatari imebadili sura. Penye maghala ya mahindi na majaa ya taka panya hawakosi, na mwenye nyumba hununua sumu dukani. Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu isigande hafi papo hapo, bali huzubaa siku kadhaa, akawa windo jepesi kuliko yote, na bundi amlaye huipokea sumu hiyo mwilini mwake. Hivyo mtu asiyemchukia bundi hata kidogo huweza kumuua pasipo kumwona, naye bundi ndiye aliyekuwa akimfanyia kazi usiku kucha bila ya ujira.

Pande za Nyeri wako wenyeji wanaojipatia riziki kwa kuwaonyesha wageni bundi wa Mackinder, na hilo lathibitisha kwamba hofu si jambo la milele. Nawasihi wanafunzi wa elimu hii walioko Nyeri waanzie Ruring'u: wapite usiku nyumba kwa nyumba na mti kwa mti, waandike kila mlio wa bundi wausikiao, na asubuhi yake, katika daftari lile lile, waandike alichosema mwenye nyumba.