Kujenga au kununua? Hesabu ya gari la shambani kabla ya mvua

Mwezi wa kumi mwaka jana pikapu yetu ilikufa kabisa njiani, tenki limejaa na maembe yako nyuma. Shamba letu liko upande wa Kipini, ndani kidogo, mahali ambapo lami haijafika na sidhani itafika mimi nikiwa hai. Kiangazi njia ni mchanga. Masika ni ule udongo mweusi wa Delta ya Tana unaoshika tairi kama ugali unavyoshika mkono. Gari la kawaida hufika miezi saba kwa mwaka, na kwa bahati.

Marehemu baba alituachia kiwanja kimoja Malindi. Tulikiuza, mimi na dada yangu, tukabaki na shilingi 1,600,000 baada ya kulipa waliokuwa wakitudai. Tukakubaliana pesa zile zinunue gari la fobaifo, yaani lenye kuvuta magurudumu yote manne, na kitakachobaki kiende kwa dada kwa sababu shamba mimi ndiye ninayelilima. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Chini ya mkwaju nyumbani kuna Land Rover 110 ya baba, imesimama miaka sita. Ami yangu akasema: mna gari tayari, mnakwenda kununua la nini? Lijengeni.

Nimeandika haya kwa sababu tangu wakati huo watu watatu wameniuliza swali hilo hilo, mmoja wa Hindi, mmoja wa Magarini na mmoja wa Kinango. Naona ni afadhali niweke hesabu yote mahali pamoja.

Kwanza, tukubaliane gari la kazi hii linahitaji nini hasa. Vijana wengi wakisikia fobaifo wanafikiria kuinua gari juu, tairi kubwa na taa nane mbele. Haya si ya shamba. Gari la shamba linahitaji chesisi ya ngazi iliyo nzima, boksi ya pili ya gia yenye gia ya nguvu ya kwenda polepole, tairi zinazofaa, na injini ambayo fundi wa Garsen anaweza kuifungua bila kompyuta. Basi. Mchangani, kinachokutoa mara nyingi ni kupunguza upepo wa tairi. Ukishuka kutoka 35 hadi 18 hivi, tairi inatanuka na kukanyaga juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ni vitu rahisi kuliko vyote utakavyonunua, na ndivyo watu wanavyosahau. Kwenye tope jeusi mambo ni tofauti: unataka tairi yenye meno makubwa yaliyoachana, inayojisafisha ikizunguka. Tairi ya mjini ikishapakwa tope inakuwa duara tupu.

Na maji? Lile bomba la pumzi linalopanda pembeni ya kioo huizuia injini isivute maji, si zaidi ya hapo. Halizuii gari kuelea na kusukumwa. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara ya Lamu pale Gamba, magari makubwa kuliko haya yalikaa upande huu yakingoja. Maji yanayokwenda hayana fobaifo.

Sasa Land Rover ya baba. Ni 110 yenye injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5, aina iliyokuwa ikitoka kiwandani katikati ya miaka ya 1990. Ni injini nzuri kwa mtu wa kwetu: haina kompyuta, inakula kiasi, na vipuri vyake Mombasa vipo. Ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati. Ukikatika, vali hukutana na pistoni na hapo unaanza upya. Bodi ni alumini. Watu husema alumini haishiki kutu, kwa hivyo Land Rover ni gari la pwani. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Bodi ni alumini lakini chesisi ni chuma, na alumini ikikutana na chuma kwenye hewa ya chumvi, huliana. Pale zinapogusana utaona unga mweupe, rangi imefura kama ngozi iliyoungua. Na chesisi huoza kwa ndani, kwa sababu ni bomba la pembe nne ambalo mchanga na maji huingia na havitoki.

Nilichukua nyundo ndogo nikalala chini ya lile gari asubuhi nzima. Hiki ndicho kipimo ninachomshauri kila mtu, awe anajenga au ananunua. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kopo. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale springi zinapokaa. Boriti ya nyuma ya gari la baba nyundo iliingia. Ami alikuwa amesimama pale, akasema, "Hicho ni kipande tu, kitachomelewa."

Kweli kitachomelewa. Uingereza kuna viwanda vinavyotengeneza chesisi mpya za magari haya zilizochovywa kwenye zinki, lakini kuileta huku, kulipia ushuru, kisha kueleza serikali kwa nini chesisi haina namba ya logibuku yako, hiyo ni kazi nyingine. Namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari. Ukibadilisha injini, unapeleka gari likakaguliwe na NTSA wabadilishe rekodi. Ni usumbufu lakini njia ipo. Ukicheza na chesisi, unaanza kujibu maswali ya gari la wizi. Anayekwambia atakuundia gari kutoka kwa vipande vya magari matatu, muulize kwanza namba itatoka kwa lipi.

Fundi aliyekuja kuliangalia ni mtu mwaminifu. Alituandikia hivi: kuchomelea chesisi 180,000, kufungua injini 220,000, breki na springi 120,000, nyaya na taa 50,000, rangi na viti 80,000. Jumla 650,000. Ami akapiga makofi. Milioni moja inabaki!

Mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka nikaogopa ukuti. Mwaka 2019 nilipeleka Suzuki ndogo kwenye gereji moja Mombasa, nikaambiwa miezi mitatu. Baada ya miezi kumi na minne niliiuza ikiwa juu ya matofali, kwa bei ya vyuma. Hakuna aliyeniibia. Kila kilichofunguliwa kilionyesha kingine kilichoharibika, pesa zangu zikaisha kabla ya boliti. Kwa hivyo nilikaa na dada tukaongeza yale ambayo fundi hakuandika, kwa sababu si kazi yake kuyaandika. Tairi tano, 140,000. Klachi na beringi za boksi ya pili, 60,000. Kulibeba gari kwa lori hadi gereji, 45,000. Halafu, na hili ndilo kubwa, kukodi gari wakati letu linajengwa. Msimu wa maembe ulikuwa umeanza. Safari moja ya kukodi 11,000, safari nane kwa mwezi, miezi minne: 352,000. Tukaongeza asilimia 20 ya bei ya fundi kwa yale yatakayojitokeza, 130,000. Ile 650,000 ikawa 1,377,000.

Dada alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe gari la bure ndilo ghali."

Upande wa kununua nao una mitego yake. Wengi hufikiria kuagiza Japan. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane; ukiagiza 2026, liwe limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Kwa hivyo zile dizeli za zamani zisizo na kompyuta, ambazo ndizo tunazozitaka, haziingii tena. Linaloingia ni jipyajipya, na ushuru wake KRA huuhesabu kwa orodha yao wenyewe ya bei, si risiti uliyolipa Japan: kuna ushuru wa forodha, kuna wa bidhaa ambao hupanda kwa ukubwa wa injini, kuna VAT ya asilimia 16, na ada nyingine juu yake. Dizeli kubwa hapo ndipo inapochinjwa. Tena usidhani gari kutoka Japan halina kutu. Kaskazini ya nchi ile hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililoishi huko huja likiwa limeliwa chini kuliko la Malindi. Anayeagiza adai picha za chini, si za viti.

Kwa bei yetu Suzuki Jimny nayo ilitajwa. Siidharau. Ni nyepesi, ina chesisi ya ngazi na gia ya nguvu, na mchangani huwaaibisha wakubwa. Kama kazi yako ni kufika, wewe na mtu mwingine na begi la dawa, nunua Jimny usisome zaidi. Kreti thelathini za maembe haziingii.

Lililobaki ni Land Cruiser pikapu la zamani ambalo liko nchini tayari. Injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina haraka na haina siri. Kila fundi wa njia ya Lamu ameshaifungua. Yale ya miaka ya 1990 yana springi za vyuma vilivyopangwa tabaka mbele na nyuma. Kuanzia 1999 mbele waliweka za kujisokota, laini zaidi, na bei ikapanda nazo. Mapya yake huunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA, kwa hivyo vipuri vipo, vya kweli na vya bandia. Ubaya ni kwamba kila mtu anajua ni gari zuri, na muuzaji anajua kwamba unajua.

Tulitafuta wiki sita. La kwanza logibuku ilikuwa na jina la mtu aliyefariki. La pili lilikuwa limepakwa lami nyeusi chini yote, mpya inanuka, nikagonga, kopo. Gari la pwani lililopakwa rangi chini wiki ya kuuzwa, ondoka hata kabla ya chai. La tatu, la 1997, lilikuwa baya kwa macho: mlango mmoja rangi nyingine, viti vimechanika, kilomita hazijulikani kwa sababu mita imekufa. Lakini chesisi ililia kutoka mwanzo hadi mwisho, injini iliwaka ikiwa baridi kwa mara ya kwanza bila moshi wa buluu, na gia ya nguvu iliingia bila kugombana. Mwenye gari alianza na milioni moja na nusu. Tulimalizana kwa 1,350,000, tukaweka 110,000 ya tairi, mafuta yote na breki. Jumla 1,460,000.

Ukitazama utaona kununua kulituzidi kwa 83,000. Ni kweli, na ami hukumbusha kila akija. Lakini 1,460,000 ilikuwa ni pesa niliyoiona ikiisha, na kesho yake nilibeba maembe. Ile 1,377,000 ilikuwa ni makadirio yangu juu ya makadirio ya fundi, juu ya boriti iliyoingia nyundo.

Je, kujenga hakufai kabisa? Kunafaa, kwa mtu mwenye gari jingine la kumlisha wakati hili linajengwa, na mwenye chesisi nzima. Wanaokwenda Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989, hujenga kwa sababu gari wanalolitaka haliuzwi popote. Magari ya watalii ya Tsavo nayo mengi ni pikapu mpya zilizokatwa na kurefushwa hapa nchini, lakini zingatia: walianza na chesisi mpya. Na hata kwa mwenye mtaji, kazi hii si nyepesi. Mobius, kampuni iliyojitolea kuunda gari la Kenya kwa barabara mbovu, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inafunga kwa ajili ya madeni. Walikuwa na wahandisi. Sisi tulikuwa na ami.

Bima nayo ulizia kabla hujalipa. Kwa gari la umri huu tuliambiwa na mawakala wawili kwamba ile ya kulilipa gari lako pia hawatoi, ya mtu wa tatu tu. Kwa gari la kujenga jibu lilikuwa hilo hilo, ila walitaka pia karatasi za ukaguzi.

Tangu hapo nimelizoesha jambo moja: kila nikitoka ufukweni au kwenye maji ya chumvi, naliosha chini kwa maji ya kisima, mpaka ndani ya mabomba ya chesisi. Dakika ishirini. Land Rover ya baba haikupata hata mara moja.

Dada alichukua 140,000 yake, akanunua mashine ya kukunia nazi. Land Rover bado iko chini ya mkwaju. Mtu wa Lamu ameiulizia injini peke yake, na ami amekataa kupokea simu yake.