Kiakisi rada
Kiakisi rada ni kifaa cha metali kinachorudisha mawimbi ya rada kwenye meli iliyoyatuma, ili chombo kidogo kionekane kwenye skrini ya nahodha. Katika Kigoma na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kinahitajika mno: wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa maboti ya mbao, na mbao huakisi mawimbi hayo kwa udhaifu. Taa za kuvutia dagaa huonekana mbali, lakini mvua kubwa huzifunika.

Aina rahisi huundwa kwa mabamba yanayokatana kwa nyuzi 90, yakifanya pembe nane. Wimbi likiingia kwenye pembe hugonga pande tatu na kurudi lilikotoka. Ukubwa una uzito wa pekee: urefu wa mabamba ukizidishwa mara mbili, mwangwi huongezeka mara 16. Bamba lililopinda hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kiakisi hutundikwa juu ya nguzo, kwani mawimbi ya ziwa huficha kilicho chini, pembe moja ikielekea juu kama ya kukinga mvua.

Mkataba wa kimataifa wa SOLAS hukitaka, inapowezekana, kwa vyombo vya chini ya tani 150. Hakichukui nafasi ya taa, na hakisaidii kitu meli inapozima rada.