Kitochi cha mama na kioo cha inchi 6.5

Najua nimepotea wiki mbili hizi, majaribio yalinibana. Leo nakuja na historia kidogo, na chanzo chake ni kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilijinyima kwenye bumu nikamnunulia mama simu ya tachi. Mama anauza mahindi kwetu Mpemba, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nikamwambia kitochi kimepitwa na wakati, akakiweka kabatini. Siku ya tatu tu, saa nane mchana, simu imezima! Mteja wa magunia kumi alipiga wee, hakumpata, akachukua kwa jirani. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa haifi." Jamani, hayo maneno yameniganda.

Basi nikaanza kuchimba. Kwanza nilidhani ni rahisi: kioo kikubwa, chaji kidogo. Kumbe historia haijanyooka hivyo. Motorola DynaTAC ya mwaka 1983 ilikuwa kama tofali, kioo chake kidogo cha kuonyesha namba tu, lakini ukiongea nusu saa imekwisha, halafu unachaji saa kumi hivi! Pale mlaji alikuwa redio ya simu, si kioo.

Hapa Tanzania simu za mkononi zilianza na Mobitel mwaka 1994. Miaka ile sifa ilikuwa kuwa na simu ndogo. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, baba wa vitochi vyote: betri ya mAh 850 tu, lakini kiwanda kilisema inakaa mpaka saa 400 bila kupigwa, yaani siku kama 16. Kioo chake kilikuwa na nukta 96 kwa 65, hakina rangi, na juani unakisoma hata taa ikiwa imezimwa. Nyumbani hatukuwa na umeme, hivyo simu ilipelekwa kuchajiwa dukani mara moja kwa wiki, na maisha yalikwenda.

Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ikaleta kioo cha inchi 3.5 na betri ya mAh 1,400. Mwaka 2011 Galaxy Note ikaja na inchi 5.3 na mAh 2,500. Watu waliicheka eti ni sahani. Leo inchi 6.5 na mAh 5,000 ni simu ya kawaida kabisa.

Mwenzangu wa chumbani anasoma Fizikia, akanipigia hesabu. Inchi zinapimwa kona kwa kona, kwa hiyo zinadanganya. Kutoka 3.5 hadi 6.5 haifiki mara mbili, lakini eneo la kioo limetoka kama sentimita za mraba 36 hadi 102, karibu mara tatu. Eneo lote hilo linataka mwanga. Ila simu ikipanuka, tumbo la betri nalo linapanuka: mAh zimeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu. Kumbe kioo na betri vimekuwa vikikimbizana!

Sasa simu ya mama ililiwa na nini? Nilipompigia nikagundua mambo matatu. Mwanga aliupandisha mpaka mwisho, maana anakaa juani kutwa. Programu nilizomwekea kwa mbwembwe zilikuwa zinafanya kazi chinichini. Halafu kwetu ni mpakani, simu mara inadaka mtandao wa Zambia, mara inarudi, na huko kutafuta mtandao kunakula chaji hata kioo kikiwa kimezimwa. Kioo kina kesi, ila hakikuiba peke yake.

Kosa langu ni kudhani kipya lazima kichukue nafasi ya cha zamani. Mama hahitaji kioo kupokea oda wala pesa kwa simu, kitochi kinatosha. Nimemwomba mdogo wangu akitoe kabatini, laini ya biashara irudi humo. Ya tachi ibaki nyumbani, jioni tuonane sura.

Juzi nikampigia mama, siku ya nne tangu akichaji. Namuuliza mistari mingapi? "Mitatu," akacheka. Gunia kumi hazirudi, lakini angalau anapatikana.

Haya wadau, foleni ya kantini inaniita. Msalimieni mama zenu!