Nguo Iliyooza, Kigae Kilichobaki



Apitaye Mtaa wa Congo hapa Kariakoo huona kanga, vitenge na majora ya vitambaa vya kila rangi, vingi vikiwa vimetoka ng'ambo. Ni rahisi basi kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu awali, yaani wazee wetu walingoja majahazi ndipo wapate kuvaa. Juma hili tuipime dhana hiyo kwa mizani ya historia.

Tuanzie Kilwa Kisiwani. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua magofu ya mji ule. Miongoni mwa vilivyopatikana ni visahani vya vigae, vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Kisahani cha namna hiyo huvikwa kwenye kijiti ili kukipa uzito, na kijiti kikizunguka husokota pamba kuwa uzi. Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 waliikuta pamba nzuri ikilimwa kisiwani. Kabla yao, Ibn Battuta aliyefika Mogadishu mwaka 1331 alisimulia kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hata Misri. Naye Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika juu ya wafumaji wa Sofala: kwa kukosa rangi, walifumua nguo za buluu kutoka India, wakazifuma upya nyuzi zile pamoja na nyuzi zao nyeupe. Walipokea cha wageni, lakini kwa mikono iliyojua kazi.

Mbona basi tumesahau? Kule Peru, nguo zilizofumwa karne nyingi kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492 zingalipo, kwa sababu mchanga mkavu wa jangwa ulizihifadhi. Pwani yetu ina joto na unyevu. Nguo huoza, kigae hubaki. Kutoonekana kwa nguo si ushahidi kwamba haikufumwa.

Sababu ya pili ni bei. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said wa Zanzibar, kitambaa cha viwandani kilimiminika, nasi tukakiita merikani. Pamba yake ilivunwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani. Huku kwetu kitambaa hicho kilibadilishwa kwa pembe za ndovu na hata kwa wanadamu. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, bado aliona vitanda vya wafumaji Unyamwezi. Lakini mkono unaofuma jora moja kwa siku nyingi hauwezi kushindana na mashine, wala na jasho lisilolipwa. Ufumaji ulififia kwa kushindwa bei, si kwa upungufu wa akili.

Wapendwa, Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinamsifu mwanamke ashikaye kijiti cha kusokotea, kwa maana kazi ya mikono ni heshima ya mtu. Tunapodai punguzo kwa fundi cherehani wa barazani, tukumbuke kwamba bei ndogo ina mtu anayeilipia. Na watoto wetu wasifundishwe kwamba babu zao walikuwa wanunuzi tu.

Tunawatakia juma jema lenye baraka.