Sauti Iliyopitia Kitui

Leonard Mambo Mbotela hakuwa Mkamba, na Kitui haikuwa kwao. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1940, katika ukoo wa Freretown, mtaa ulioanzishwa na wamishonari wa CMS mnamo 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka wa 1934. Kusimulia kulikuwa jambo la nyumbani. Lakini masomo ya sekondari aliyapata Kitui High School, na ni huko hamu yake ya uanahabari ilikoanza. Kwa hivyo sauti ambayo rika la wazazi wetu linaijua kuliko sauti za wajomba wao ilipitia Ukambani kabla ya kufika Nairobi.

Hilo si jambo dogo ukikumbuka jinsi redio ilivyokuwa. Mlango ulikuwa mmoja. Sauti ya Kenya, iliyopewa jina hilo mwaka wa 1964, ilikuwa ya serikali, na mpaka miaka ya 1990 karibu hakukuwa na pengine pa kubisha hodi. Kijana wa Kitui au Makueni (Makueni enzi hizo bado ilikuwa ndani ya Machakos, ikawa wilaya mwaka wa 1992) hakuwa na studio karibu. Alichokuwa nacho ni shule. Bweni lilimpa paredi ya kusomea habari mbele ya watu wanaopiga miayo, klabu ya mdahalo, na siku ya michezo ambapo lazima mtu fulani ashike kipaza sauti awaambie walioketi nyuma nani anaongoza. Lilimpa pia Kiswahili cha kila siku, kwa sababu ukiwa na wenzako kutoka pembe zote za nchi huwezi kujificha kwenye lugha ya mama.

Mbotela alianzia kwenye magazeti, kisha akaingia Sauti ya Kenya mwaka huo wa 1964. Kipindi chake *Je, Huu ni Ungwana?* kilianza 1966 na kikadumu miongo. Lakini mpira ndio uliomwingiza kwenye boma za watu, yeye na wenzake kama Mohammed Juma Njuguna na, baadaye, Jack Oyoo Sylvester.

Kutangaza mpira redioni si kupiga kelele, bana. Msikilizaji hana macho. Lazima ajue timu ipi inashambulia kutoka upande gani, mpira uko mguuni mwa nani, umebaki muda gani, na mabao ni mangapi kwa yule aliyewasha redio sasa hivi. Mtangazaji akikosa jina la mchezaji mmoja, uwanja mzima unapotea. Na huko Mwingi au Kibwezi, anayesikiliza alikuwa ameanika mawe ya redio juani tangu asubuhi ili yapate nguvu ya dakika tisini. Ukimzungusha kwa maneno matupu, mawe yanaisha kabla ya bao.

Harambee Stars walipochukua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, wengi wa waliosherehekea hawakuwa wamemwona Mahmoud Abbas akidaka hata mpira mmoja. Walimsikia. Jina lake la utani, Kenya One, lilifika vijijini kwa mawimbi ya redio, na hadi leo kuna wazee wanaoweza kukueleza alivyoruka.

Sasa linganisha na mpira wa magongo. Mwaka wa 1971 timu ya Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo, kule Barcelona. Ya nne duniani! Timu yetu ya kandanda haijawahi hata kufuzu kwa Kombe la Dunia. Lakini nenda Wote leo, umwombe kijana akutajie mchezaji mmoja tu wa kikosi kile. Akikutajia Avtar Singh Sohal, mnunulie chai na maandazi. Sababu za kusahaulika ni nyingi, na mojawapo ni kwamba magongo hayakupata mtu wa kuyapeleka jikoni kwa nyanya yako kila Jumamosi kwa Kiswahili.

Umaarufu wa sauti una bei yake pia. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi wa Jeshi la Anga walimtoa Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studioni, wakamlazimisha kuitangazia nchi kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Walikuwa na bunduki, na bado walihitaji mtangazaji. Kenya nzima ilikuwa imezoea kuamini koo lile likisema bao limeingia, na ndiyo maana walilifuata. Siku hiyo hiyo, jeshi lilipokomboa kituo, ni yeye tena aliyetangaza kwamba serikali ingali imara. Alitumia sauti moja kusoma habari mbili zinazopingana, akabaki hai. Aliendelea na kazi kwa miongo mingine mingi, na akafariki Februari 2025 akiwa na miaka 84.

Ule mlango mmoja haupo tena. Mwaka wa 2000 Kameme FM ilifungua njia ya vituo binafsi vya lugha za mama, na Ukambani ukapata vyake, kama Musyi FM, yaani "nyumbani". Makueni, mwaka wa 2004, vikundi vya akina mama wa upande wa Kibwezi vilianzisha Radio Mang'elete, redio ya jamii. Leo mwenye simu na bando anaweza kutangaza mechi ya kijijini moja kwa moja kwa Kikamba, na Wakamba walioko Doha wakamsikia.

Ila kuna kitu kilichopotea katika huo wingi. Mbotela alipita mlango mwembamba, lakini nyuma yake kulikuwa na mshahara, mafunzo na wazee wa kumkosoa. Kijana wa leo ana milango mia, na mingi inafunguka kwenye chumba kitupu: anatangaza bure, anajifunza kwa kuiga Waingereza wa televisheni, na akichoka anarudi kwenye bodaboda. Pengo hilo halitazibwa na simu bora zaidi.

Pengine lizibwe kuanzia pale lilipoanzia hadithi hii. Kila muhula wa kwanza shule zetu hucheza magongo, vikapu na mpira wa mikono, na mara nyingi kipaza sauti hushikwa na mwalimu wa zamu anayetangaza chakula na magari yaliyoegeshwa vibaya. Kipewe mwanafunzi. Apewe orodha ya majina ya wachezaji, akosee, acheke, arekebishwe, halafu aje mtu wa redio ya karibu amsikilize na amlipe akifaa. Timu ya magongo inayocheza mbele yake kwa sasa ina watazamaji arobaini na ng'ombe wawili. Mmoja wao akifunga, angalau jina lake litamkwe vizuri.