Kuvunja kontra ya simu mbele ya muda: fakture inaweza kubishwa

Duka ndogo ikivunja kontra ya simu ao intaneti mbele ya muda, kampuni inaweza kudai pesa ya miezi iliyobaki. Dekre ya tarehe 30 Julai 1888, kipengele cha 33, inasema mkataba ni sheria kwa wale walioufanya, na utimizwe kwa nia njema. Basi mambo mawili yaangaliwe: je, malipo hayo yameandikwa ndani ya kontra? Na rezo ilikuwa inapatikana kweli? Mwenye duka aandike siku zote rezo ilikatika, apeleke barua kwa kampuni na kubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikinyamaza, apeleke malalamiko ARPTC, yenye kusimamia mawasiliano inchini. Asilipe kwa woga: kurudishiwa pesa ni kazi kubwa zaidi.