Stabilaiza ni Nondo ya Mlalo

Kuanzia maduka ya vipuri ya Kariakoo hadi Kirinyaga Road, Nairobi, hakuna fundi asiyelijua neno stabilaiza. Mteja analalamika kwamba gari linagonga upande wa mbele likipita kwenye mashimo. Fundi anatikisa tairi, anaingia uvunguni, anatoka na jibu: linki za stabilaiza zimekwisha. Wanaelewana, na kazi inafanyika. Hata hivyo neno hilo limebeba ahadi ambayo kifaa chenyewe hakiitimizi. Linatuambia kwamba kazi yake ni kulituliza gari, na mtu akilifuata neno ataamini kwamba kadiri kifaa kinavyonenepa ndivyo gari linavyozidi kutulia. Wanaotayarisha magari ya otokrosi wanajua kwamba sivyo. Ukikaza mno stabilaiza ya nyuma, gari lililokuwa tulivu litaanza kutupa mkia.

Kwanza kifaa chenyewe. Ni nondo ya chuma cha springi iliyopindwa kama herufi U pana na kulazwa kukingama chini ya gari. Sehemu yake ya kati imeshikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira, na ncha zake zimeungwa kwa linki na mikono ya magurudumu ya kushoto na kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, kama kwenye tuta la barabarani, nondo inazunguka ndani ya bushi na haifanyi kazi yoyote. Gari likilala kwenye kona mambo yanabadilika: gurudumu la nje linapanda kuelekea bodi, la ndani linashuka, na nondo inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ukinzani wa chuma kile dhidi ya kusokotwa ndio unaopunguza kulala kwa gari. Stephen Coleman wa Fredericton nchini Canada alipewa hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1919.

Kulala ndilo neno tunalohitaji, na tunalo tayari. Abiria wa basi la mkoani hasemi kwamba bodi imeinama kwa nyuzi kadhaa. Anasema basi limelala kwenye kona, na kila mtu anaona picha. Kutoka hapo tunapata mlalo, na nondo hii inastahili kuitwa nondo ya mlalo. Katalogi za Toyota na mafundi wa Kijerumani wameshika njia ya utulivu, na sisi tukaipokea pamoja na maboksi ya vipuri. Waingereza wanaitaja kwa kupinga mlalo. Nimefikiria pia kizuia mlalo, nikaliacha, kwa sababu kuzuia ni nusu tu ya kazi yake, na hiyo ndiyo nusu ndogo. Kazi kubwa ni kugawa.

Chukua gari la kilo 1,000, nusu ya uzito ikiwa mbele na nusu nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 45 juu ya ardhi, na kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ni sentimita 150. Kwenye lami nzuri, kwa matairi ya mashindano, gari kama hili linaweza kukata kona kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake. Hapo mzigo wa kilo 300 unahama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Hesabu ni nyepesi: 1,000 mara 45, gawanya kwa 150. Katika hesabu hiyo springi haimo wala nondo haimo. Weka nondo nene kama mkono wa mtoto, kilo 300 bado zitahama zilezile.

Kinachoamuliwa na nondo ni mgawo wa kilo hizo kati ya mbele na nyuma. Ikiwa mbele pana ugumu zaidi kuliko nyuma, huenda kilo 180 zikahamia kwenye ekseli ya mbele na 120 kwenye ya nyuma. Tairi la mbele la nje litabeba kilo 430 na la ndani 70. Nyuma zitakuwa 370 na 130. Sasa tairi lina tabia moja ambayo utaalamu wote huu umejengwa juu yake: ukiliongezea mzigo, mshiko wake unaongezeka, lakini hauongezeki kwa kiwango kilekile. Mzigo ukiwa mara mbili, mshiko haufiki mara mbili. Kwa hiyo matairi mawili yenye mzigo sawa yanashika vizuri kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na jingine linaelea. Ekseli inayobeba sehemu kubwa ya mzigo unaohama ndiyo inayochoka kwanza. Kaza mbele, na pua itakataa kona: unakata usukani, gari linaendelea kunyooka. Kaza nyuma, na mkia utatoka.

Otokrosi ni mahali pazuri pa kuyaona haya, kwa kuwa kila kitu kinatokea ndani ya dakika moja hivi. Nchini Marekani klabu ya mbio za magari ya SCCA huuita mchezo huu Solo. Koni zinapangwa kwenye uwanja mpana wa lami au zege, magari hayashindani bega kwa bega bali na saa, na kila koni inayoangushwa inaongeza sekunde 2. Fainali za taifa hufanyika Lincoln, Nebraska, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Katika madaraja ya magari yanayokaribiana na yalivyotoka kiwandani, springi haziguswi. Dereva anaruhusiwa kubadili shokapu na nondo ya mlalo, hivyo nondo inakuwa chombo chake kikuu cha kupanga mgawo.

Nayo ni chombo kikali. Ugumu wa nondo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda 24, ambayo kwa macho ni tofauti ndogo sana, ugumu unakuwa zaidi ya mara mbili. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini nondo nyingi za mashindano ni mabomba: nondo ya milimita 24 yenye ukuta wa milimita 4 inabaki na asilimia 80 ya ugumu wa nondo iliyojaa, huku uzito ukishuka hadi asilimia 56. Nyingine zina matundu kadhaa kwenye ncha. Ukihamishia linki kwenye tundu la karibu, mkono wa nondo unafupika na ugumu unapanda. Mkono ukitoka sentimita 30 hadi 25, umeongeza asilimia 44 bila kununua chochote.

Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Honda Civic, hukazwa nyuma, wakati mwingine mpaka gurudumu la nyuma la ndani linaning'inia hewani katikati ya kona. Watazamaji hushtuka, lakini gari limekaa sawa. Gurudumu lililo hewani halina tena mzigo wa kutoa, kwa hiyo kutoka hapo kuendelea kukaza nyuma hakuleti chochote. Kila kilo inayozidi itahamia mbele. Madereva wengi wa Mazda MX-5 hufanya kinyume: wananenepesha nondo ya mbele. Gari lao linasukumwa kutoka nyuma, na gurudumu la nyuma la ndani likinyanyuka, difu ya kawaida itapeleka nguvu kwenye gurudumu hilo linalozunguka bure.

Kuna pia magari yanayoonekana kuikana kanuni. Gari lenye mbele ya shokapu iliyosimama wima, kama Subaru Impreza, likilala sana tairi lake la nje linaegemea nje na kukanyaga kwa ukingo. Nondo nene ya mbele inapunguza mlalo, tairi linakanyaga kwa upana wake, na pua inaweza kushika vizuri zaidi ingawa mgawo umekwenda mbele. Mgawo haukukosea. Faida ya mkao wa tairi imezidi hasara ya mgawo tu, na ni saa ya uwanjani inayosema ni ipi kubwa.

Nchini Kenya otokrosi huchezwa kwenye udongo, na hapo nondo nene ni mzigo. Kwenye mabonde, gurudumu moja likipanda, nondo inalinyanyua na la pili. Toyota walilishughulikia tatizo hilo kwenye Land Cruiser 200 ya mwaka 2007, ile tunayoiita V8: matoleo yenye mfumo wa KDSS hutumia mafuta yenye shinikizo kuzilegeza nondo kwenye ardhi mbovu na kuzikaza kwenye kona za lami.

Gereji zetu zina njia ya mkato ninayoiogopa. Linki za mbele zikikatika, fundi anazitoa na kumwambia mteja aendelee tu, gari litalala kidogo. Kweli litalala. Ila mgawo nao umehamia nyuma ghafla. Kiwanda kilikaza mbele kwa makusudi, ili dereva wa kawaida akizidisha spidi pua ndiyo ichoke kwanza, naye aachie mafuta. Bila nondo ya mbele, siku ya mvua akikwepa bodaboda kwa haraka, mkia unaweza kuwa wa kwanza kuachia. Mteja aliyeambiwa kwamba stabilaiza imetolewa ameelewa kwamba gari limepungukiwa starehe. Angeambiwa kwamba nondo ya mlalo ya mbele haipo na mgawo umekwenda nyuma, angeuliza linki mpya ni shilingi ngapi.